Dhamana ya Baba katika Kuwalinda Vijana na Zinaa na Maradhi Yake

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kuwaruzuku viumbe Vyake wote, na sala na amani zimshukie Mtume Muhammad, aliyelelewa katika uyatima akawa mlezi wa mayatima, na Ahali zake na Masahaba zake. Amma baad.

Katika Surat al-Israa, Aya ya 31, Mwenyezi Mungu amewakataza wazazi kuwaua watoto wao kwa kuogopa ufukara, na akawaahidi kuwa Yeye ndiye awaruzukuye watoto na wazazi wao pia. Aya inayofuata, nayo ni ya 32, inakataza kuikaribia zinaa. Kisha hupita aya moja, ikaja ya 34 kukataza kuikaribia mali ya yatima, illa kwa njia iliyo njema kwake. Mwenye kuzisoma aya hizi kwa mfululizo huona kwamba khofu ya umasikini, zinaa, na mali ya yatima, zote zimetajwa mahali pamoja. Walakin mara nyingi ile ya 32 husomwa kwa sauti mbele ya vijana, na hizi mbili za pembeni yake, ambazo ni mzigo wa wazee, hupitwa kwa haraka.

Kuua kulikotajwa katika aya ile ni kule kuua kwa mkono. Lakini mtoto aweza kupotezwa naye yu hai, apewapo jina la baba yake asipewe chakula chake. Na jambo hili ndilo lifaalo kuzingatiwa na kila mwanamume wa Unguja, wa Mjini na wa shamba.

Na atazamwe mtoto jinsi anavyofikia kupotea, kwani hapotei kwa siku moja. Mume na mke hugombana, mke akapewa talaka. Mume huoa kwengine, au huvuka akaenda bara kutafuta maisha, na fedha alizokuwa akizileta huwa nusu, kisha robo, kisha huwa salamu tu. Mama hurejea kwao. Watoto hugawanywa: mmoja kwa bibi yake Makunduchi, mmoja kwa shangazi yake Ng'ambo, wa tatu huchukuliwa na jamaa ili asaidie kazi za nyumbani. Ada ndogo za skuli, viatu, nauli ya daladala, sabuni, na kitambaa cha msichana aliyekwisha kuvunja ungo, hivyo vyote havina wa kuviuliza. Hapo ndipo hutokea mtu mzima mwenye duka au mwenye gari akatoa. Leo hutoa nauli, kesho hutoa nguo, na kesho kutwa hudai alipwe. Wahenga walisema kuwa mkono mtupu haulambwi. Na msichana aliyekwisha kula cha mtu huona haya kumkatalia, wala hana kauli ya kumwambia akapimwe damu yake kwanza, au atumie kinga.

Wala khatari hii si ya wasichana peke yao. Mtoto wa kiume aliyekosa mlezi hushinda Darajani na Forodhani, akawa papasi akiwafuata wageni katika vichochoro vya Mji Mkongwe, au akaenda Nungwi na Kiwengwa na Paje kwenye mahoteli kutafuta riziki. Miongoni mwa hao wapo wafanyao kazi ya halali kwa uaminifu, na wapo wanaonunuliwa miili yao, na wapo waliotiwa katika unga wakawa hawana tena amri ya nafsi zao. Mwaka 2009 ulifanywa uchunguzi wa Tanzania nzima juu ya ukatili wanaotendewa watoto, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2011. Kwa upande wa Zanzibar ilionekana kwamba takriban wasichana 6 katika kila 100, na wavulana 9 katika kila 100, walikwisha kutendewa uchafu kabla ya kutimia miaka 18. Basi yule baba adhaniye kuwa wa kulindwa ni binti tu, na mtoto wa kiume atajilinda mwenyewe, na alifikiri hilo tena.

Ama maradhi, huingia katika ufa ule ule. Kisonono na kaswende vilijulikana katika miji ya pwani tangu zamani. Ukimwi ulitambuliwa Zanzibar mwaka 1986, katika Spitali ya Mnazi Mmoja, kwa wagonjwa watatu. Kwa rehema ya Mwenyezi Mungu haukuenea Visiwani kama ulivyoenea kwengine, na vipimo vilivyofanywa kwa watu wote kwa jumla vilionyesha kuwa wenye virusi hawafiki mtu 1 katika kila 100. Lakini mwaka 2007 walipopimwa wanawake wanaouza miili yao, na wanaojidunga unga kwa sindano, walioonekana nao walizidi 10 katika kila 100. Maana yake ni kuwa maradhi haya hayakutawanyika sawa sawa kama mvua. Yamekwenda kukaa zaidi kwa wale walioachwa mkono. Na kutoka kwao hurejea majumbani, kwani wanaume wanunuao wana wake na watoto wao.

Wengi, wayaonapo haya, hutafuta wa kumlaumu, na wa kwanza kulaumiwa ni msichana. Mwaka 1985 ilipitishwa Zanzibar sheria iliyosemwa kuwa ni ya kuwalinda wari na wanawake walioachwa, na kwa sheria hiyo mwanamke asiye na mume akishika mimba aliweza kufungwa miaka miwili. Hata mwaka 2005 ikawekwa sheria nyingine mahali pake, ikaondosha kifungo hicho. Kwa miaka 20 tumbo la msichana lilikuwa ushahidi juu yake, kwa sababu tumbo huonekana na kila mtu. Lakini yule baba aliyekata nafaka miaka mitano kabla ya mimba ile hapakuwa na aliyemwona.

Na wa pili kulaumiwa ni mama. Husemwa kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Maneno haya ni ya kweli, lakini wanaume wengine wameyafanya mto wa kulalia. Mama ambaye tangu alfajiri yumo majini Paje au Jambiani akifunga mwani, kilimo kilichoanza huko mwaka 1989, au achomaye mihogo usiku apate ya kununulia unga wa kesho, atakaa saa ngapi kumfunza binti yake? Sharia haikumbebesha yeye nafaka. Katika Surat al-Baqara, Aya ya 233, chakula na mavazi ya mama anyonyeshaye yamewekwa juu ya baba wa mtoto. Na katika Surat at-Talaq, Aya ya 7, mwenye wasaa ameamrishwa atoe kwa wasaa wake, na aliyepungukiwa atoe katika hicho alichopewa. Hakuna aliyesamehewa kabisa, wala hakuna aliyekalifishwa asichokiweza.

Huenda mtu akasema kwamba umasikini si udhuru wa zinaa, kwani wako masikini wengi waliohifadhika, na wako watoto wa matajiri waliopotea. Neno hilo ni haki, na zinaa ni haramu kwa mwenye njaa na kwa aliyeshiba. Lakini kitu kisichokuwa udhuru chaweza kuwa mlango, na Mtume (S.A.W.) mwenyewe ameuonyesha mlango huo. Katika hadithi ya watu watatu waliozibiwa na jabali ndani ya pango, iliyomo katika Bukhari na Muslim, mmoja wao alisimulia khabari ya binti wa ami yake. Alimtaka, naye akakataa, mpaka ulipomfika mwaka wa njaa. Hapo alimjia, naye akampa dinari 120 kwa sharti ya kujitoa kwake. Alipomweza, yule mwanamke akamkumbusha amche Mungu, naye akaondoka, akamwachia dhahabu yote. Na kwa amali hiyo jabali lilisogea.

Hadithi hii na izingatiwe vizuri. Yule mwanamke alikataa alipokuwa na chakula. Kilichomleta ni njaa, si matamanio. Na aliyesifiwa ni mwanamume mwenye mali aliyeinuka akaiacha mali na mwanamke pia. Hali kadhalika imepokewa hadithi ya mtu aliyetoa sadaka usiku, ikamwangukia mwanamke mzinifu, watu wakastaajabu. Naye akaambiwa kuwa huenda kwa sadaka ile mwanamke yule akajizuia na zinaa yake. Basi dini imekwisha kuonyesha kwamba fedha ya mwanamume huweza kumtia mwanamke katika uchafu, na huweza kumtoa. Kila mwanamume na aitazame yake inafanya ipi katika kazi hizi mbili.

Kwa hivyo yako mambo yaliyo wajibu juu ya wanaume.

La kwanza ni nafaka. Talaka humkata mke, haimkati mtoto. Hind bint Utba alipomshitakia Mtume (S.A.W.) kuwa mumewe, Abu Sufyan, hampi ya kumtosha yeye na wanawe, alimruhusu achukue katika mali yake kiasi cha kuwatosha kwa wema, hata bila ya yeye kujua. Na mama aliyenyimwa asione aibu kwenda kwa Kadhi. Aibu ni ya aliyemfikisha huko.

La pili ni mali ya mayatima. Akifa mtu akaacha nyumba Malindi au mikarafuu shamba, ami asijifanye mrithi wa vyote kwa kuwa watoto ni wadogo. Surat an-Nisaa, Aya ya 10, imewaambia walao mali ya mayatima kwa dhulma kwamba wanakula moto. Yatima aliyenyang'anywa fungu lake leo ndiye aonekanaye kesho pwani usiku, na aliyelila fungu hilo hupita akasikitika juu ya tabia za vijana.

La tatu ni ndoa. Surat an-Nur, Aya ya 32, imeamrisha kuozwa wasio na wenza, wala ufukara wao usiwe kizuizi. Mtume (S.A.W.) alimwambia mtu masikini atafute mahari hata pete ya chuma, na alipoikosa akamwoza kwa Qur'ani aliyoihifadhi. Leo kijana mvuvi huombwa kitanda na kabati na fedha za sherehe asizoweza kuzipata kwa miaka kumi, kisha huulizwa kwa nini hakusubiri. Lakini kufanya nyepesi mahari si kumtoa binti mdogo kwa mzee mwenye mali ili nyumba ipungukiwe na mlaji. Hiyo haiwi sitara. Hiyo ni biashara, na mwenye kuumia ni mtoto. Na wanaotaka kuoana wakapimwe wote wawili kabla ya akdi, kwani kuficha maradhi ni kughushi.

La nne ni kusema na watoto. Kijana mmoja alimwendea Mtume (S.A.W.) akamtaka ruhusa ya kuzini. Watu wakamkemea, yeye akamkaribisha, akamkalisha, akamwuliza kama angeridhia jambo hilo kwa mama yake, na binti yake, na dada yake, na shangazi yake, na mama yake mdogo, kisha akaweka mkono juu yake akamwombea. Baba wa leo aonaye haya kumweleza mwanawe khabari ya ubaleghe na ya maradhi, na ajue kwamba papasi mwenziwe hataona haya.

La tano ni kuacha kuoneana muhali. Atendewapo mtoto uchafu na jirani, au mjomba, au mwalimu, wazee hukutana barazani wakasema kuwa mambo yaishe kimya kwa ajili ya udugu. Aliyetenda huenda akatenda tena, na mtoto hubaki na maradhi yake kifuani na mwilini. Mwaka 2011 kilifunguliwa katika Spitali ya Mnazi Mmoja kituo cha Mkono kwa Mkono, ambapo mtoto huangaliwa na tabibu na shauri lake huandikwa na polisi mahali pamoja. Apelekwe siku ile ile, wala asioshwe kwanza, kwani dawa ya kuzuia virusi hufaa ikianzwa kabla ya kupita siku tatu.

La sita ni huruma kwa aliyekwisha kupata maradhi. Kisonono na kaswende hupona kwa dawa ya spitali, na mwenye virusi vya ukimwi akimeza dawa zake kila siku huishi, akafanya kazi, na mke mwenye virusi akifuata dawa aweza kuzaa mtoto mzima. Kumfukuza kijana nyumbani kwa maradhi yake ni kumrejesha pale pale alipoyapata.

Kila mmoja ni mchunga, na kila mmoja ataulizwa juu ya alichokichunga. Kijana ataulizwa juu ya zinaa yake, wala hataokolewa na umasikini wake. Na baba ataulizwa juu ya sahani aliyoiacha tupu mpaka mwanawe akaenda kula kwa watu, wala hataokolewa na sala zake za safu ya mbele.

Mwenyezi Mungu awajaalie Waislamu wa Unguja na Pemba na pwani yote riziki ya halali yenye kutosha, awape mababa nyoyo za kukumbuka watoto walio mbali nao, awahifadhi vijana na zinaa, awaponye walio wagonjwa, na awasitiri walioteleza wakatubu. Amin.

Wabillahi tawfiq.