ARDHI TUPU SI ARDHI ISIYO NA WENYEWE

Wako wadhanio ya kuwa ardhi ikiwa tupu basi haina mwenyewe. Dhana hii yataka kutazamwa, kwani siku hizi imepata nguvu mpya kwa sababu ya umeme wa jua.

Huko Neuhardenberg, Ujerumani, palikuwa na uwanja wa ndege za vita. Jeshi lilipoondoka, sehemu kubwa ya uwanja ule ilitandazwa vibao vya kunasa jua, na mwaka 2012 ukatoa umeme wa megawati 145. Twalisifu jambo hilo. Palipowekewa silaha pametoa taa, wala hapakuhitajiwa kufyeka shamba la mtu.

Lakini tusiipime nchi yote kwa kipimo cha uwanja ulioachwa. Mtu wa pwani afikapo Nawoitorong, karibu na Lodwar, huona jua na mchanga, akasema: "Hapa hapana kitu." Mfugaji wa Kiturkana huona hapo malisho ya mbuzi wake na njia ya kuendea maji.

Wanavyuoni wetu walikwisha kupambanua. Ardhi iliyokufa ni ya mwenye kuihuisha; bali malisho ya watu na njia za maji yao hayahesabiwi kuwa ardhi iliyokufa, hata yasipokuwa na jengo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 nayo imeyataja malisho kuwa ni ardhi ya jamii.

Ng'ambo ya Ziwa Turkana, huko Loiyangalani, ilisimamishwa mitambo ya upepo 365 katika eneo la ekari 150,000. Mwaka 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Meru iliamua ya kwamba hati za ardhi ile zilipatikana kinyume cha sheria. Upepo haukuwa na kosa. Wenyeji ndio hawakuulizwa ipasavyo.

Atasema mtu: "Je, nchi ikae gizani kwa ajili ya mbuzi?" Twajibu: La. Umeme ni maslaha makubwa kwa hospitali na visima. Lakini mwenye malisho aulizwe kwanza, apewe kodi ijulikanayo, aachiwe njia ya maji, na taa za mwanzo ziwake kwake.

Nasi watu wa pwani, tunaolia kila siku ya kuwa ardhi za babu zetu ziliandikwa kwa majina ya wengine, haitupasi kumridhia Mturkana dhulma tuliyoichukia nafsi zetu.