Kukiri na Kukirishwa: Fundisho la Askari wa Hekalu

Lugha yetu ina maneno mawili yanayokaribiana kwa sauti na kuachana kabisa kwa maana: kukiri na kukirishwa. La kwanza ni tendo la mtu mwenyewe. La pili ni tendo la mwingine lililopitia kinywani mwake. Sarufi huyatenga kwa viambishi viwili tu, bali maadili huyatenga kama mbingu na ardhi. Swali tunalokusudia kulijadili katika makala haya ni hili: neno lililotolewa kwa mateso lina thamani gani? Tena, ni nani anayedhurika kwalo: aliyelisema peke yake, au pamoja naye na yule aliyelidai? Ili tusijadili hewani, tutatazama kisa kimoja katika historia ya Ulaya, nacho ni kisa cha Askari wa Hekalu.

Shirika hilo lilianzishwa Yerusalemu yapata mwaka 1119 na Hugues de Payns pamoja na wenzake wachache, kwa nia ya kuwalinda njiani mahujaji Wakristo. Walikuwa watawa na askari kwa pamoja: waliweka nadhiri za ufukara, useja na utii, na huku wakachukua upanga. Kanisa liliwathibitisha katika mtaguso wa Troyes mwaka 1129. Baadaye walipata ngome, mashamba na fedha nyingi, hata hazina ya mfalme wa Ufaransa ikatunzwa katika nyumba yao ya Paris. Lakini mji wa Akka ulipotekwa mwaka 1291, kazi iliyokuwa sababu ya kuwapo kwao ilidhoofika, na mali ikabaki. Mali ya namna hiyo huvuta macho ya wenye haja. Na Mfalme Philippe wa Nne wa Ufaransa alikuwa na haja kubwa ya fedha.

Alfajiri ya Ijumaa, tarehe 13 Oktoba 1307, Askari wa Hekalu walikamatwa kote katika Ufaransa. Walishtakiwa kwamba walipopokelewa shirikani walimkana Kristo na kuutemea msalaba mate, na kwamba waliabudu sanamu. Huko Paris walihojiwa watu 138, na 134 kati yao wakakiri shtaka moja au zaidi. Mkuu wao, Jacques de Molay, alikuwa miongoni mwa waliokiri. Hesabu hiyo ingemridhisha hakimu yeyote asiyeuliza ilipatikanaje. Padre mmoja wa shirika, Bernard de Vado, aliwaonyesha makamishna wa Papa mifupa iliyodondoka miguuni mwake baada ya miguu hiyo kubanikwa kwa moto. Katika kisiwa cha Kupro, ambako walihojiwa mwaka 1310 bila kuteswa, walikana. Shirika lilikuwa lile lile na kanuni zile zile. Kilichotofautiana ni chumba cha mahojiano.

Mwaka huo huo, mbele ya makamishna huko Paris, ndugu wapatao 600 walijitokeza kulitetea shirika lao. Hapo ndipo sheria ilipoonyesha meno yake. Aliyeshikilia ungamo lake alihesabiwa kuwa ametubu, akapokewa tena na Kanisa. Aliyesema kwamba aliteswa na kwamba alichokisema kilikuwa uongo, alihesabiwa kuwa ameurudia uzushi, na adhabu yake ikawa moto. Hivyo uongo uliponya na kweli iliua. Tarehe 12 Mei 1310 watu 54 walichomwa nje ya Paris. Kesho yake Aimery de Villiers-le-Duc aliwaambia makamishna kwamba mashtaka yote ni ya uongo. Lakini alikuwa amewaona wenzake wakichukuliwa kwa magari kwenda kuchomwa, na kwa hofu ya moto ule angekiri hata kwamba alimwua Bwana mwenyewe, kama angetakiwa kukiri hivyo.

Wako watakaosema: huenda baadhi yao walikuwa na hatia kweli. Naam, huenda, wanahistoria bado wanabishana juu ya yaliyotendeka katika ibada zao za siri. Lakini hapo hasa ndipo ilipo hoja yetu. Mateso hayakuwadhulumu wasio na hatia tu. Yaliiua hata kweli ambayo mwenye hatia angeweza kuisema. Sarafu halali ikichanganywa na za bandia, sokoni hukataliwa zote. Papa Clement wa Tano alipolivunja shirika katika mtaguso wa Vienne mwaka 1312, hakulivunja kwa hukumu ya hatia bali kwa amri ya mamlaka yake. Miaka mitano ya kuwakirisha watu haikuzaa hukumu.

Je, tuwalaumu waliosema uongo? Machi 1314 viongozi wanne walisomewa kifungo cha maisha. Wawili walinyamaza. Jacques de Molay na Geoffroy de Charney walisimama hadharani wakayakana maungamo yao, nao wakachomwa siku ile ile. Tunawaheshimu hao wawili, lakini hatuthubutu kuwaita wale wengine waoga. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ushujaa ni jambo la kusifiwa anapoutoa mtu kwa hiari. Haki inayomdai kila mtu awe shujaa ndipo aseme kweli si haki. Lawama ni ya aliyeishika kamba.

Mwaka 1984 Umoja wa Mataifa ulipitisha mkataba dhidi ya mateso, unaokataza neno lililotolewa kwa mateso kutumiwa kama ushahidi dhidi ya aliyeteswa. Lakini sisi walimu tusidhani kwamba jambo hili ni la wafalme na mahakama tu. Chaki ikipotea, tumeshika fimbo mara ngapi tukisema, "Hatoki mtu hapa mpaka aliyeiba ajitaje"? Mtoto mmoja huinua mkono, nasi huenda nyumbani tumeridhika. Kumbe hatukujua aliyeiba. Tulichojua ni yule aliyeiogopa zaidi fimbo. Naye, na darasa zima lililokuwa likitazama, amejifunza somo ambalo hatukuliandika ubaoni: kwamba kweli ni kile anachotaka kukisikia mwenye nguvu. Tukifundisha viambishi vya kitenzi hiki, basi, tusiishie kwenye sarufi.