Nilidhani Wana Njaa

Samaki wa tangi la nne walikuwa wamejaa juu ya maji, midomo wazi, vifuniko vya matamvua vikifunguka na kufunga haraka haraka. Ilikuwa zamu yangu ya tatu ya usiku katika kituo cha kutotolesha vifaranga vya samoni, magharibi mwa Norwei. Nilikuwa nimetoka Mwanza kwenda kujifunza, maana vizimba vinaongezeka Ziwa Victoria na nilitaka kurudi na ujuzi. Nimekulia kwenye nyumba ya wafuga kuku. Mnyama akikujia mdomo wazi, unajua anataka nini. Nikachota chakula, nikawarushia. Hawakula. Nikaongeza.

Alfajiri msimamizi alipoingia, alizima taa za juu ya tangi, akafungulia oksijeni zaidi, akasema kwa sauti ya chini: wasilishwe, wasichotwe, wasisumbuliwe. Samaki aliyeshiba anahitaji oksijeni zaidi ili kumeng'enya chakula, na hawa hata ya kuishi tu hawakuwa nayo. Kisha akaniuliza kama niliwalisha.

Nikasema, "Kidogo."

Maabara ilikuta virusi vya ndui ya matamvua. Hushambulia seli za matamvua. Seli hufa na kubanduka, vijani laini vya tamvua hugandana, na samaki akakosa pumzi ndani ya maji yenye oksijeni tele. Ni jamaa wa mbali wa virusi vya ndui yetu sisi, ile ambayo mgonjwa wa mwisho kuipata kwa maambukizi ya kawaida alikuwa Msomali, mwaka 1977. Ramani ya jeni za virusi hivi vya samoni ilichapishwa 2015. Na haviko mashambani tu: vimekutwa pia kwa samoni wa mwitu wa Norwei.

Tangi la tano, ambalo sikulilisha, lilipoteza samaki karibu sawa na la nne. Msimamizi aliniambia hivyo kwa nia njema, nadhani, ili nilale. Thomas Nagel na Bernard Williams waliandika kuhusu jambo hili wakaliita bahati ya kimaadili: watu wawili hufanya kosa lilelile, mmoja matokeo yanamlaani, mwingine yanamwacha aende zake. Mimi ni yule aliyeachwa. Lakini namba za tangi la tano zinasema tu kwamba chakula changu huenda hakikuua. Hazisemi lolote kuhusu mkono uliokirusha mara ya pili, baada ya kuona cha kwanza kinaelea bila kuguswa.

Nilijaribu kujitetea kwa njia nyingine: ni samaki. Hapo sheria ya nchi ile ikanikatalia. Sheria yao ya ustawi wa wanyama ya 2009 inawahesabu samaki pia, na inasema mnyama ana thamani yake mwenyewe mbali na faida anayomletea binadamu. Niliisoma kantini, kwenye simu, huku nakula mkate. Ni sentensi nzuri. Mwaka 2023 samoni milioni 62.8 wa kufugwa walikufa baharini huko Norwei kabla ya kufikia kuvuliwa, asilimia 16.7. Thamani ya kila mmoja inakaa wapi ndani ya asilimia?

Wa mwitu hawahesabiwi hivyo. Juni 2024 samoni waliorudi kutoka baharini walikuwa wachache mno, na serikali ikasimamisha uvuvi wao katika mito 33. Watu walisikitika kweli, hata wale ambao kila kiangazi huwavuta kwa ndoana kwa starehe tu kisha wakawaachia. Samoni wa mtoni akifa ni msiba. Wa tangini akifa ni hasara. Na ni samaki wa aina moja.

Najua jibu la wanaikolojia: wa mtoni analiliwa kwa ajili ya kizazi chake, kwa kuwa kila mto una ukoo wake na ukipotea haurudi. Nakubali. Lakini hilo linaeleza tu tunachoogopa kupoteza, wala si tunachodaiwa. Samoni wa mwitu mwenye matamvua mabovu huenda akafa, lakini kabla ya hapo anaweza kutafuta maporomoko, penye maji baridi yenye hewa. Wa kwangu alikuwa na ukuta wa plastiki pande zote. Tulikuwa tumemwondolea kila njia ya kujisaidia, tukabakiza moja: mtu wa zamu. Kwa hiyo naona deni letu ni zito zaidi kwa yule asiyeliliwa, na haliwezi kulipwa kwa huruma peke yake. Huruma nilikuwa nayo usiku ule, nyingi tu. Nilichokosa ni kumjua ninayemhurumia. Nilimsoma samaki kwa macho ya kuku.

Tuliwatoa waliokufa kwa nyavu za mkono mpaka saa tano asubuhi. Fomu ilikuwa na nafasi ya idadi, nafasi ya sababu, na mstari wa chakula kilichotolewa kwa gramu. Ndoo nilikuwa nimeipima kabla, kwa hiyo gramu nilizijua. Niliandika nusu yake.