Deni la Mwalimu Mpya

Mwalimu mpya hujifunzia kazi kwa watoto wa watu. Hatupendi kulisema hili waziwazi, lakini ndivyo lilivyo. Seremala anayeanza huharibu mbao, na mbao nyingine hununuliwa. Mtoto hupita darasa la kwanza mara moja tu. Je, tuna haki gani ya kumweka mbele ya mtu ambaye bado hajaimudu kazi yake?

Taifa letu liliwahi kulijibu swali hili kwa vitendo. Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilipokutana Musoma, iliamua kwamba elimu ya msingi kwa wote ifikiwe mwaka 1977 badala ya 1989. Walimu hawakutosha. Maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa, wakajifunza ualimu huku wakifundisha vijijini, kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na msaada wa wakufunzi. Watu waliwabeza; UPE, wakasema, ni Ualimu Pasipo Elimu. Mimi dhihaka hiyo sikubaliani nayo. Mtoto wa kijiji cha Mufindi au Rungwe hakuwekewa mwalimu mchanga na mwalimu bingwa ili achague. Aliwekewa mwalimu mchanga au kuchunga ng'ombe.

Hata hivyo, shida ya taifa haimfutii mwalimu deni lake. Anaruhusiwa kujifunza juu ya mtoto kwa sharti kwamba atajifunza kwa ajili ya mtoto.

Hapo ndipo malengo ya walimu wapya hunitia mashaka. Katika miaka yangu ya chuoni nilisoma mengi, ya wanachuo waliokwenda mazoezi ya kufundisha Iringa mjini na ya wale waliopangiwa milimani huko Mbeya. "Kuboresha sauti." "Kuandika ubaoni kwa mstari ulionyooka." "Kutumia zana." "Kudhibiti darasa." Yote mema, na kuhusu sauti, anayejua mvua ya Tukuyu inavyopiga bati hatacheka. Lakini yasome tena: ndani yake hamna mtoto. Ni malengo ya mtu anayejitazama kwenye kioo, au anayemngoja mkaguzi.

Hilo la kudhibiti darasa ndilo zito zaidi. Mtoto aliyelelewa kwa Kinyakyusa, Kisafwa au Kihehe huenda akaingia darasa la kwanza Kiswahili chenyewe kikiwa bado kigeni kwake. Mwalimu anauliza, "Mmeelewa?" Darasa zima linaitika, "Ndiyooo, mwalimu!" Sauti hiyo tamu inawaficha wasioelewa kitu, nao wamejifunza mapema kwamba kuitika ni salama kuliko kuuliza. Mwalimu anatoka akiwa ameridhika, na andalio lake la somo limejazwa vizuri.

Kinachotakiwa ni kumwuliza mtoto mmoja, kisha kusubiri. Sekunde chache tu, lakini jaribu uone! Ukimya humtisha mwalimu mpya. Hujijibu mwenyewe, au humgeukia yule hodari wa benchi la mbele. Vitabu vya ualimu huita jambo hili mbinu. Kwangu ni suala la haki, kwa kuwa kila unapochagua wa kumsubiri, umechagua pia nani ahesabiwe kuwa mwanafunzi humo ndani.

Utasema darasa lina watoto 70. Ni kweli; kiwango cha serikali cha watoto 45 kwa mwalimu shule nyingi hazikijui. Ndiyo maana nilikuwa nikiwaambia wanachuo waandike majina matatu kwa wiki, na lengo liwe juu ya hao watatu: nani asome sentensi, nani ajumlishe kwa kubeba, nani athubutu kuuliza. Mwanachuo mmoja alipiga hesabu pembeni mwa daftari lake, akapata wiki 24. Akaniuliza, "Mzee, yule wa wiki ya 24 anasubiri kwa kosa gani?" Jibu la kumridhisha sikuwa nalo, wala sina leo, ila nilimshauri orodha yake aianzie benchi la nyuma.