Jumanne: Hana Abaki Nyumbani

Soma 1 Samweli 1:21-24. Kwa nini Hana hakupanda kwenda Shilo, na Elkana aliupokeaje uamuzi huo?

Hana alikuwa na nadhiri ya kutimiza. Hata hivyo, safari ya kila mwaka ilipofika, alibaki kumnyonyesha Samweli hadi aachishwe ziwa. Elkana hakumlaumu. Wala Maandiko hayahesabu kubaki kwake kuwa upungufu wa ibada.

Mtoto akitimiza miezi 6, maziwa ya mama peke yake hayamtoshi tena. Huongezewa uji mzito na vyakula vilivyopondwa, huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi. Huo ndio umri wa kutambaa, kuiga sauti na kumlilia mama anapoondoka. Kuzungumza naye, kumwimbia na kucheza naye huikuza akili yake. Kazi hiyo huanza alfajiri na haina mapumziko, lakini kanisani haionekani. Kinachoonekana ni kiti kitupu, na mara mama huyo huhesabiwa kuwa amepoa.

Jadilini: Katika kanisa lenu, ni nani humpokea mama mtoto wake ili naye asikilize hubiri? Akina baba wanajifunza nini kwa Elkana?