Eti Wanawake ni Wagumu

Mwezi wa sita 2020, anko alianza kukohoa. Walikuwa wakiishi Gatwekera, Kibera, yeye na anti na watoto watatu, chumba kimoja. Anko alikuwa mtu wa mjengo. Anti ni mama fua, lakini korona ilipoingia, wenye nyumba kule Kilimani wakaanza kuogopa watu wa mtaa na kazi ikakatika.

Wiki hiyo hiyo anti naye alishikwa na homa. Alilala siku mbili. Ya tatu akaamka, akabeba mitungi, akaenda kupiga laini ya maji. Anko hakuamka. Tulimwambia aende hospitali akasema, "Hii ni baridi ya Juni tu." Nadhani aliogopa pia. Stori za watu kudaiwa pesa za karantini zilikuwa bado zinazunguka mtaani. Siku ya kumi na mbili tukampoteza. Kati yao hakuna aliyepimwa, kwa hivyo siwezi kuapa ilikuwa nini.

Matanga tuliyafanyia kwetu Kawangware, haraka haraka kabla ya kafyu. Jirani mmoja, mzee wa heshima, akasema: "Wanawake ni wagumu. Mungu aliwaumba hivyo." Watu wakatikisa kichwa kukubali. Mimi pia. Na anti, mjane wa siku tatu, kifua bado kinambana, ndiye alikuwa anatupitishia chai.

Maneno hayo yamenikaa kichwani miaka yote hii, kwa sababu nusu yake ni kweli.

Nilisoma biolojia chuoni miaka miwili kabla ya karo kunishinda, kwa hivyo nilirudi kujisomea mwenyewe kwa simu. Uchambuzi mmoja mkubwa uliotoka Desemba 2020 ulikusanya ripoti za zaidi ya wagonjwa milioni 3 wa korona duniani. Wanaume na wanawake waliambukizwa karibu nusu kwa nusu. Lakini uwezekano wa mwanaume kuishia chumba cha wagonjwa mahututi ulikuwa karibu mara 3 ya mwanamke, na uwezekano wake wa kufa ulikuwa juu kwa asilimia 39.

Sehemu ya sababu iko ndani ya damu. Kwenye kromosomu X kuna jeni inaitwa TLR7. Ichukulie kama soja wa geti anayetambua virusi na kupiga kelele mapema. Mwanamke ana X mbili, mwanaume moja. Kawaida X moja ya mwanamke huzimwa, lakini kwenye baadhi ya seli zake TLR7 hubaki macho kwenye zote mbili. Uholanzi, 2020, vijana wanne kutoka familia mbili, ndugu wawili kila upande, walizidiwa na korona hadi wakapumua kwa mashine. TLR7 yao ilikuwa na kasoro, na hawakuwa na X ya pili ya kuwaokoa. Ongeza homoni: estrojeni kwa kawaida huichangamsha kinga ya mwili, testosteroni huituliza.

Kwa hivyo mzee hakukosea kabisa. Mahali alipokosea ni pale sisi sote tuliporuka bila kuangalia chini: kutoka "anaweza" hadi "ni kazi yake". Mfalsafa Mskoti, David Hume, aliandika 1740 kwamba watu huanza kwa kueleza mambo yalivyo, halafu ghafla unawakuta wanasema yanavyopaswa kuwa, na hawakuonyeshi walipitia wapi. Anti alipona haraka, basi anti abebe maji. Anti abaki na mgonjwa chumba kisicho na dirisha. Anti apitishe chai. Hakuna homoni inayosema hivyo. Hayo tuliyasema sisi.

Na hata huo ugumu una bei. Kinga inayopiga kelele mapema wakati mwingine hugeuka na kumpiga mwenyewe: kati ya watu kumi wenye ugonjwa wa lupasi, karibu tisa ni wanawake. Tena kuna virusi ambavyo hesabu yake inageuka. Homa ya ini aina ya E husambaa kwa maji yenye kinyesi, kitu ambacho mtu wa Kibera hahitaji kuelezewa. Iliwahi kulipuka Dadaab 2012. Watu wengi hupona, lakini ikimpata mjamzito miezi ya mwisho inaweza kuua hadi robo ya wanaougua. Mwambie huyo kwamba wanawake ni wagumu.

Upande wa pili pia tunajidanganya. Ukisema anko alikufa kwa sababu ya X moja, unamsamehe kila mtu. Anko alikaa siku kumi na mbili bila kuonwa na daktari. Mwanaume kukwepa kliniki, hakuna jeni ya hiyo. Kama mwili wake ulikuwa na soja mmoja tu getini, yeye ndiye alipaswa kuwa wa kwanza kukimbia hospitali, na sisi wa kwanza kumbeba.

Mwaka jana binamu yangu, kifungua mimba wa anti, alinipigia simu. Mathe anakohoa wiki nzima. "Lakini si unamjua, atapona tu." Sauti ilikuwa ya mzee wa matanga kabisa, na kijana ana miaka ishirini na mbili. Nilipanda matatu, nikashuka Adams, nikatembea hadi Gatwekera. Anti aliponiona aliinuka akishika ukuta. "Kaa mwanangu, nikuwekee chai, umetoka mbali."

Nilimwambia akae yeye. Tulimpeleka kliniki. Ilikuwa nimonia, na daktari akatuuliza tulikuwa tunangoja nini. Jana yake alikuwa amebeba mitungi miwili ya maji, na binamu alikuwa nyumbani.

Siku hizi binamu ndiye anachota maji. Ananung'unika, lakini anachota.