Andalio la Nusu Ukurasa

Kwa miaka mingi nilikagua maandalio ya masomo ya wanachuo waliokuwa wakijifunza ualimu. Nilikuwa na kalamu nyekundu na kanuni moja ambayo sikuiandika popote: andalio refu ni la mwenye bidii, fupi ni la mvivu. Siku moja binti mmoja alinipa andalio la nusu ukurasa. Nikampa alama za chini kabla hajaingia darasani. Kisha akafundisha somo lililo bora kuliko yote niliyoyaona muhula ule. Alama sikuzibadili.

Jambo hilo limenirudia kwa sababu ya mjukuu wangu, ambaye kazi yake ni kuandika programu za kompyuta. Chama cha akiba na mikopo cha mtaani kwetu, chenye wanachama wasiofika sitini, kilimwomba atengeneze programu ndogo ya kuweka hesabu za michango. Kabla ya kuanza aliniletea mpango wake niusahihishe Kiswahili. Kurasa mbili tu.

"Mengine yako wapi?" nikamwuliza.

"Babu, hayo ndiyo yote."

Mpango ulitaja tatizo lenyewe, watakaoitumia programu, yatakayofanywa kwanza, yasiyofanywa kabisa, na dalili ya kwamba kazi imekwisha: mweka hazina aweze kufunga hesabu za mwezi peke yake, bila kumwita fundi.

Akanieleza kwamba Februari 2001 waandishi wa programu 17 walikutana Snowbird, katika jimbo la Utah, Marekani, wakatoa tamko kuhusu kazi yao. Pamoja na mengine, walisema wanathamini programu inayofanya kazi kuliko maandishi mengi ya kuieleza. Hawakusema maandishi hayana thamani, bali kwamba hayatangulii. Sababu yao naielewa. Anayeandika kurasa sitini kabla mtumiaji hajaona chochote anaandika mengi asiyoyajua bado, na kurasa ukishaziandika ni vigumu kuzikana.

Msomaji mpendwa, hapo ndipo jambo la ufundi linapogeuka kuwa jambo la uadilifu. Mpango ni ahadi. Mara nyingi urefu wake hautokani na bidii bali na woga: tunaandika mengi ili kazi ikiharibika tuseme, "Mbona tulilitaja, ukurasa wa 43!" Mpango mfupi haumpi mwandishi mahali pa kujificha.

Hata hivyo ufupi nao una hila zake. Nilirudia kusoma sehemu ya yasiyofanywa. Mstari mmoja ulisema: hakutakuwa na taarifa za karatasi, kila mwanachama ataangalia akiba yake kwa simu, kupitia intaneti.

"Na bibi yako je?" nikamwuliza. Bibi yake ni mwanachama wa siku nyingi, na simu yake ni kitochi.

Akanyamaza. Mstari ule ulikuwa umemwokolea kazi ya siku mbili, lakini ulikuwa umewanyima wazee njia ya kujua fedha zao wenyewe. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Na daftari usiloweza kulifikia lina faida gani kwako?

Mjukuu wangu hakuongeza sura mpya. Alifuta mstari ule, akaandika mwingine: mweka hazina ataweza kuchapa taarifa ya kila mwanachama mwisho wa mwezi. Mpango ukabaki kurasa mbili.

Tangu siku hiyo, nikiona andiko fupi, siulizi tena limepungukiwa kurasa ngapi. Nauliza kilichoachwa kimeachwa kwa gharama ya nani. Kama ni kwa gharama ya majivuno ya mwandishi, na kiachwe. Kama ni kwa gharama ya mtu ambaye hakuwapo wakati mpango ukiandikwa, ufupi huo ni dhuluma, hata ukiwa nadhifu namna gani. Tena mwenye mpango aulizwe. Aliyefupisha baada ya kufikiri atakuwa na jibu, mvivu atababaika.

Yule binti angeweza kunijibu. Somo lake lilionyesha kwamba kila alichokiacha alikuwa amekifikiria. Lakini mimi sikumwuliza swali hata moja. Nilihesabu mistari.